Mgema Asiyesifiwa: Ziara ya Lynchburg, Kunakopikwa Wiski

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nini humpata mgema ambaye hakusifiwa kabisa. Yule ambaye kinywaji chake chanywewa dunia nzima, chupa ikabandikwa jina la mtu mwingine, naye mwenyewe akafariki bila kuacha hata picha moja ya uso wake. Jibu la swali hilo, ndugu msomaji, tutalifuata mbali sana na minazi ya Pwani yetu. Tutalifuata katika mji mdogo wa Lynchburg, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani.

Lynchburg ndiko kunakopikwa wiski ya Jack Daniel's, ile ya chupa ya pembe nne na lebo nyeusi ambayo haikosi kwenye rafu za maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa. Kila mwaka wageni kwa maelfu hufunga safari kwenda kukizuru kiwanda hicho, nao hutembezwa na viongozi wanaokijua kama viganja vya mikono yao.

Huenda mzazi anayesoma ukurasa huu akashtuka na kuuliza: habari za pombe zafaa nini katika gazeti la familia? Swali hilo ni la haki. Basi na ijulikane mapema kuwa hatwendi kuonja. Twenda kutazama na kusikiliza. Katika ziara hiyo mna somo la sayansi ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili atalifurahia, mna somo la historia, na zaidi ya yote mna somo la haki.

Mji mkavu uliojaa wiski

Safari yaanzia Nashville, mji mkuu wa Tennessee. Wapenzi wa muziki wa kantri, ambao ni wengi mno hapa Kenya, wanaujua mji huo kwa kuwa ndiko walikorekodia nyimbo zao akina Jim Reeves na Dolly Parton. Kutoka hapo ni mwendo wa kilomita 120 hivi kuelekea kusini mashariki. Barabara yapinda na kupanda baina ya vilima vya kijani, malisho ya ng'ombe na mashamba ya mahindi, hata msafiri kutoka Kitale akadhani amerejea nyumbani.

Lynchburg ni makao makuu ya Kaunti ya Moore, mojawapo ya kaunti ndogo kabisa za jimbo hilo, yenye wakazi wasiozidi 7,000. Katikati ya mji pana uwanja, na katikati ya uwanja limesimama jengo la mahakama la matofali mekundu. Kandokando yake yamejipanga maduka yanayouza kofia, fulana, peremende na vitu vya ukumbusho, karibu vyote vikiwa na jina la Jack.

Hapa mgeni hukutana na ajabu ya kwanza. Kaunti hii inayopika wiski ya kumwagika duniani kote imejulikana kwa miaka na mikaka kuwa "kaunti kavu", yaani pahala ambapo pombe kali haiuzwi ovyo. Tennessee ilipiga marufuku pombe mapema kuliko majimbo mengi, na kufikia mwaka 1910 kiwanda kililazimika kusimama. Marufuku ya taifa zima ikafuata mwaka 1920 na kuondolewa mwaka 1933, lakini moto haukuwashwa tena Lynchburg hadi 1938. Watu wa Moore hawakuwa na haraka ya kuifuta desturi ile ya ukavu. Ilibidi kiwanda kipewe idhini maalumu ya kisheria ndipo kiweze kumuuzia mgeni chupa ya ukumbusho.

Wahenga wetu walisema kinyozi hajinyoi. Lynchburg, mpishi hakunywa mapishi yake hadharani.

Maji ya pangoni

Ziara yenyewe huongozwa. Wageni hupangwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, nao huenda kwa miguu kutoka jengo hadi jengo kwa muda wa saa moja na zaidi. Kuna ziara za watu wazima ambazo mwisho wake huonjwa wiski kidogo, na kuna zile zisizo na kuonja. Ikumbukwe kuwa nchini Marekani mtu chini ya umri wa miaka 21 haruhusiwi kunywa pombe.

Kituo kinachotembelewa sana ni pango. Chini ya jabali la mawe ya chokaa pana mdomo mweusi, na kutoka humo chemchemi hububujika kimya kimya mwaka mzima, kiangazi na masika, maji yake yakiwa na ubaridi ule ule wa nyuzi 13 hivi. Ndiyo sababu Jack Daniel alihamishia kazi yake hapa katika miaka ya 1880. Mawe ya chokaa huyachuja maji hayo, yakatoka bila madini ya chuma. Chuma ni adui wa wiski, maana huiharibu rangi na ladha.

Mbele ya pango pana sanamu ya Jack mwenyewe, mtu mfupi mwenye masharubu makubwa na kofia pana. Wageni hujipanga kupigwa picha kando yake. Itazame vizuri sanamu hiyo, msomaji, kwa kuwa tutarudi kumzungumzia mtu ambaye hana picha.

Uji, moto na shaba

Sasa tuingie jikoni. Wiski hii huanza na nafaka tatu. Katika kila kilo 100, kilo 80 ni mahindi, kilo 12 ni kimea cha shayiri, na kilo 8 ni rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano. Nafaka husagwa na kupikwa kwa maji ya pangoni mpaka zikawa uji mzito. Kimea kina kazi yake maalumu, nayo ni kuugeuza wanga wa mahindi kuwa sukari. Kisha hutiwa hamira, nayo huila sukari hiyo na kuacha kileo pamoja na gesi. Mtu yeyote aliyeona busaa ikiandaliwa kule Magharibi kwa kimea cha wimbi ataitambua kanuni hiyo mara moja.

Hutiwa pia sehemu ya machicha ya mpiko uliotangulia, ili uchachu uwe ule ule siku zote. Akina mama zetu wanaobakiza uji kidogo wa kuchachisha ule wa kesho hawahitaji kufundishwa jambo hilo.

Baada ya siku kadhaa rojo hilo la kuchemkachemka lenyewe huwa tayari kwa moto. Siri ya upishi wa pombe kali ni moja tu: kileo huchemka kwenye nyuzi 78, ilhali maji husubiri hadi nyuzi 100. Kwa hivyo ukipasha moto mchanganyiko huo, kileo hutangulia kupaa kama mvuke. Hapa Lynchburg mvuke hupanda ndani ya minara mirefu ya shaba, kisha hupozwa ukawa kioevu tena. Mvuke huo hushika moto upesi, na ndiyo maana katika baadhi ya sehemu za kiwanda wageni hukatazwa kupiga picha.

Kinachotoka kina nguvu ya kileo ya asilimia 70, na ni cheupe pe kama maji ya mvua. Mkenya akikitazama hawezi kujizuia kusema moyoni: mbona hii ni chang'aa! Wala hakosei sana. Mpaka hapo, tofauti kubwa ni vyombo, usafi na kibali cha serikali.

Tone kwa tone

Tofauti ya kinywaji chenyewe huja katika hatua inayofuata. Uani mwa kiwanda hupangwa mbao za mti wa mepo, ule ambao Wamarekani hukamua utomvu wake na kupata asali ya kumiminia chapati. Mbao hizo hupandanishwa kwa mikatale, zikamwagiwa wiski kali na kutiwa moto. Miali huruka juu kuliko kichwa cha mtu. Wafanyakazi wenye mipira ya maji huuongoza moto ule usije ukageuza kila kitu kuwa majivu, kwa sababu kinachotakiwa ni makaa.

Makaa hayo husagwasagwa na kushindiliwa katika mapipa marefu sana, kina chake kikiwa mita tatu. Wiski mbichi hudondoshwa juu yake, ikateremka tone kwa tone hadi chini. Makaa huunyonya ukali na mafuta yasiyotakiwa, kinywaji kikatoka kikiwa kimelainika. Njia hiyo huitwa njia ya Kaunti ya Lincoln, kwani Lynchburg ilikuwa sehemu ya kaunti hiyo kabla ya Moore kuundwa mwaka 1871. Mwaka 2013 jimbo lilitunga sheria inayotaka wiski iitwayo ya Tennessee ipitie makaa hayo, ila kiwanda kimoja kidogo tu ndicho kilichosamehewa.

Baada ya makaa ni pipa. Kila pipa hutengenezwa kwa mbao mpya za mwaloni mweupe, likaunguzwa kwa ndani hadi likawa jeusi, na hubeba lita 200 hivi. Humo wiski hulala kwa miaka kadhaa katika maghala marefu yaliyosimama vilimani. Joto la kiangazi huisukuma ndani ya mbao, na baridi ya kipupwe huirudisha. Rangi ile ya hudhurungi yote hutoka kwenye pipa. Pipa lenyewe hutumika mara moja tu, kisha huuzwa kwa wengine, wakiwemo wapishi wa wiski wa Scotland.

Ndani ya ghala mna giza na harufu tamu ya mbao. Harufu hiyo ni wiski inayotoroka. Kila mwaka kiasi fulani hupenya kwenye mbao na kupotea hewani, nao wapishi hukiita fungu la malaika. Lakini malaika hawali peke yao. Mvuke huo hulisha ukungu mweusi unaopaka mashina ya miti, kuta na paa za majirani kama masizi ya jikoni, na mwaka 2023 malalamiko ya ukungu huo yalifika mahakamani katika Kaunti jirani ya Lincoln. Kila biashara ina moshi wake.

Jack na sefu yake

Katika ziara, wageni huingizwa pia kwenye ofisi ndogo ya zamani ya Jack Daniel. Humo mna sefu. Husimuliwa kwamba asubuhi moja Jack alisahau namba za kuifungulia, akapandwa na hasira na kuipiga teke, kidole kikaumia, kidonda kikaoza, na hatimaye akafa mwaka 1911. Watafiti wameitilia shaka hadithi hiyo, lakini watu huipenda, na wazazi huwageukia watoto wao kuwaonya kuwa hasira ni hasara.

Jasper Newton Daniel, kwa jina la utani Jack, alizaliwa mnamo 1850 hivi na kuachwa yatima wa mama akiwa mchanga. Hakuoa maishani, na kando ya kaburi lake mjini humo kuna viti viwili ambavyo husemekana viliwekwa kwa ajili ya wanawake waliokuja kumlilia. Akiwa bado mvulana alikwenda kufanya kazi kwa Dan Call, mhubiri wa Kilutheri aliyekuwa na shamba, duka na mtambo wa kupikia wiski. Kwa zaidi ya miaka mia moja ulimwengu uliambiwa kuwa ni mhubiri huyo aliyemfundisha Jack upishi.

Haikuwa hivyo.

Mwalimu mwenyewe

Aliyekuwa akisimamia mtambo wa Call alikuwa Mwafrika aliyeitwa Nathan Green, maarufu kwa jina la Nearest. Alikuwa mtumwa. Waliojiita wenyewe wake walimkodisha kwa Call, kama mtu leo anavyokodisha trekta, nayo fedha ya ujuzi wake ikaingia mifukoni mwao. Ni yeye aliyekabidhiwa kijana Jack amfundishe kazi. Ni yeye aliyemwonyesha namna ya kupika na namna ya kuchuja kwa makaa. Wapo watafiti wanaodokeza kuwa ujuzi wa makaa ulitokana na watumwa waliokumbuka namna watu wa Afrika Magharibi walivyosafisha maji na vyakula. Wengine wanalibishia hilo. Lakini kwamba Nearest alikuwa bingwa wa njia hiyo, na kwamba Jack aliipata kwake, ni jambo ambalo kampuni yenyewe imekwisha kulikubali.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, Nearest angeweza kwenda zake. Alibaki, safari hii kwa mshahara. Jack alipoanzisha biashara yake, mpishi wake mkuu wa kwanza alikuwa mwalimu wake. Jack alipohamia kwenye pango, mzee alikuwa amekwisha kustaafu, lakini wanawe, wakiwemo George na Eli, waliendelea, na baada yao wajukuu na vitukuu. Ipo picha ya zamani inayomwonyesha Jack katikati ya wafanyakazi wake, na ubavuni pake ameketi mwanamume Mweusi, si nyuma wala pembeni. Huaminika kuwa huyo ni George Green. Kusini mwa Marekani katika enzi za ubaguzi, kukaa namna hiyo lilikuwa jambo la nadra. Ya Nearest mwenyewe, hakuna picha inayojulikana.

Je, habari hizi zilikuwa siri? La hasha. Familia ya Green ilizijua na kusimuliana. Kitabu cha maisha ya Jack Daniel kilichoandikwa na Ben A. Green mwaka 1967 kilimtaja Nearest kwa jina. Zilikuwamo, ila hazikutangazwa. Viongozi wa wageni walisimulia sefu, viti na masharubu, mwaka baada ya mwaka, na mwalimu akaachwa mlangoni.

Mwaka 2016, kampuni iliposherehekea miaka 150 kwa hesabu yake, gazeti la New York Times lilichapisha habari za Nearest. Mwanamke mmoja Mwafrika-Mmarekani, Fawn Weaver, mwandishi na mfanyabiashara, aliisoma na hakulala. Alikwenda Lynchburg, akafukua kumbukumbu za mahakama, sensa na makanisa, akakaa na wazee wa familia ya Green. Mwaka 2017 kampuni ilimtambua rasmi Nearest Green kuwa mpishi mkuu wake wa kwanza, na jina lake likaingizwa katika masimulizi ya ziara. Mwaka huo huo Weaver alianzisha wiski iitwayo Uncle Nearest, na mwaka 2019 akafungua kiwanda katika mji wa jirani wa Shelbyville. Mchanganyaji wake mkuu alikuwa Victoria Eady Butler, kilembwe cha Nearest. Kweli biashara ni biashara: mwaka 2025 kampuni hiyo ilijikuta mahakamani kwa madeni makubwa na kuwekewa msimamizi. Lakini madeni ya kampuni hayafuti jina la mzee. Hilo limekwisha kuandikwa.

Tunalorudi nalo nyumbani

Msomaji atauliza: Lynchburg ni mbali, sisi yatuhusu nini?

Yatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni chang'aa yetu. Serikali iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, sheria ambayo ilifutwa mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya kudhibiti vileo. Wala hatusemi pombe ni njema. Nairobi haijasahau Novemba 2000, wakati zaidi ya watu 100 walipofariki baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Familia nyingi zimevunjika kwa chupa, iwe ya shilingi ishirini au ya elfu tatu. Hata hivyo, ni nani asiyemjua mama aliyepika usiku, akikimbizwa na askari, ili mtoto asifukuzwe shuleni kwa karo? Ujuzi ni ule ule wa Lynchburg. Kule umejengewa makumbusho, huku umeandikiwa mashtaka. Kati ya hizo mbili, lipo swali ambalo wanafunzi wetu wa sheria na wa kemia wangefaa kulijadili pamoja.

Njia ya pili ni namna yetu ya kutalii. Mara nyingi tunapowapeleka watoto mahali pa kihistoria, twameza tunachoambiwa na kuharakisha kwenda kununua soda. Fort Jesus ya Mombasa, kwa mfano, ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na jina la mchoraji ramani wake, Mwitaliano Cairati, linafahamika hadi leo. Waliochonga na kubeba mawe yale ya matumbawe juani je? Mtoto anayeuliza swali hilo si mtovu wa adabu. Huenda ndiye pekee aliyesikiliza vyema.

Kwa hivyo, mzazi, likizo ijayo ukiwapeleka watoto kwenye ngome, kiwanda cha chai au kituo cha reli ya zamani, usiwafundishe kukariri tarehe peke yake. Wafundishe kumwuliza kiongozi maswali mawili kwa heshima: kazi hii ilifanywa na nani, na aliyeifanya alifundishwa na nani? Familia ya Green ilijua majibu yote mawili kwa zaidi ya miaka 100, ikisubiri mgeni wa kuuliza.